Mrejesho: yule wa mchango wa bomba la maji kule Taita

Jamani, mimi ndiye niliyewauliza mwezi jana kama nitume shilingi 1,000 za bomba la maji kijijini kwetu, juu ya Wundanyi, ama ni longolongo tu za grupu la WhatsApp. Wengi mlisema: usitume, panda ukaone. Nikapanda.

Stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari alfajiri, nimevaa kishati changu cha joto la Mombasa. Voi jua kali. Kutoka Mwatate ni kona juu ya kona, masikio yakaziba, na sweta sikubeba. Mama alicheka kabla hata ya kunisalimia.

Bomba kweli limepasuka. Limefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, maji yanachuruzika hadi kwenye sukuma wiki ya jirani, ambayo, niseme ukweli, imestawi kuliko zote. Mweka hazina ni shangazi yangu wa mbali. Alinifungulia daftari la shule: waliochanga kwa kalamu ya buluu, wadaiwa kwa nyekundu. Jina langu la nne, nyekundu. Nikalipa hapo hapo, mbele ya watu wanane waliokuja eti kunijulia hali.

Aliyetuponza ni fundi, alichukua malipo ya kwanza akazima simu. Jumamosi vijana wanachimba wenyewe, akina mama wanapika kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa. Mimi nimeagizwa koki mbili za chuma. Zitapanda na lori linaloleta mboga soko la Kongowea huku Mombasa, maana hurudi tupu.