Mizeituni ya mafuta Jabal Akhdar: tuchague aina gani?

Swali: Ndugu zangu, assalamu alaykum. Familia yetu ina matuta Jabal Akhdar, Oman, yaliyokuwa ya makomamanga, na sasa tunakusudia kupanda mizeituni ya kukamua mafuta. Muuza miche anasisitiza Arbequina pekee. Je, nimfuate?

Jibu: Wa alaykum salaam. Arbequina, ambayo asili yake ni Katalunya, huanza kuzaa mapema na mafuta yake ni laini mdomoni, lakini penye joto kali asidi yake ya oleiki (sehemu ya mafuta inayoyafanya yadumu) hupungua na mafuta hayahifadhiki muda mrefu. Baridi ya mlimani itakufaa, hata hivyo mimi ningeichanganya na Picual ya Jaén, Hispania, ambayo uchungu wake unaokwaruza koo hutokana na polifenoli, kemikali za asili za zeituni, zilezile zinazoyakinga mafuta yasiharibike upesi. (Wageni nyumbani watakohoa kwanza, kisha watazoea.)

Jibu: Naongeza Koroneiki ya Ugiriki, yenye tunda dogo lakini mafuta mengi. Ukivutiwa na Leccino ya Italia, elewa kwamba haijichavushi, hivyo panda jirani yake Pendolino, aina nyingine ya kuichavusha. Zaidi ya hayo, hakuna aina itakayookoa zeituni zilizolala guniani siku tatu zikapata moto: zikamuliwe ndani ya saa 24, la sivyo asidi huru (dalili ya mafuta yaliyoanza kuharibika) inaweza kuvuka asilimia 0.8, ambayo ndiyo mwisho wa daraja la juu, extra virgin.

Mwulizaji: Shukrani. Basi nitaulizia kwanza zamu za kinu, kabla ya miche.