Naomba ushauri: kifauwongo kinahisi, au ni maji tu?

Salamu wanajamvi. Nataka kurudia hapa Malindi jaribio la mtafiti wa mimea Monica Gagliano la mwaka 2014: chungu cha kifauwongo (mmea unaokunja majani ukiguswa) kinaangushwa kutoka sentimita 15 juu ya sponji, mara 60, kila baada ya sekunde chache. Mwanzoni majani hujikunja, baadaye huacha. Ukiutikisa mmea kwa namna nyingine, hujikunja tena. Mtikiso huo ndio kiini, maana bila huo hujui kama mmea umezoea au umechoka.

Kujikunja kwenyewe si fumbo: potasiamu hutoka kwenye seli za kifundo cha jani, maji yakafuata, jani likalala. Neva hakuna. Kwa hiyo "kuzoea" nakubali, "kuumia" bado.

Shida yangu ni kusi. Upepo unatikisa vyungu kutwa, mmea unaingia jaribioni umeshazoea. Nikiuweka ndani, giza nalo hufunga majani.

Nikinge kwa makuti au kwa neti ya kivuli? Vyungu vingapi nisiviangushe, viwe vya kulinganishia? Na mtikiso wa pili, mkono unatosha kweli? Nguvu yake haifanani mara mbili.