Picha za angani za zamani za Iringa na mto Ruaha Mdogo zinapatikana wapi?

Mjukuu_Ipogolo:
Kamwene wakuu. Natafuta picha za Iringa zilizopigwa kwa ndege miaka ya 50 au 60, hasa kule bondeni Ipogolo anakopita Ruaha Mdogo. Babu alikuwa na vinyungu (vile vishamba vya bondeni) pale na bibi anasema mto ulikuwa unapita chini kabisa ya mkuyu mmoja, leo mkuyu upo ila maji yako mbali. Bibi ana miaka 80 na kitu, nataka nimuwekee picha mezani anionyeshe kwa kidole.

Mpimaji wa Kihesa:
Kamwene. Baada ya vita kuu ya pili ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa ya makoloni ya Afrika ili zichorwe ramani, kazi ikasimamiwa na idara ya upimaji ya makoloni iliyoanzishwa 1946. Nyingi zimehifadhiwa Edinburgh, kwenye NCAP, hifadhi ya taifa ya picha za angani kule Uskoti. Kwa hapa nyumbani anzia upimaji na ramani, Wizara ya Ardhi, nenda na namba ya shiti ya ramani ya 1:50,000 maana bila hiyo mtazungushana tu. Halafu kuna CORONA, satelaiti za kijasusi za Marekani za 1960 hadi 1972, siri ilifunguliwa 1995 na zilizokwisha skaniwa unadaunlodi bure kwa USGS, shirika la jiolojia la Marekani.

Mama Vinyungu:
Mwanangu angalia na mwezi wa picha! Vinyungu tunalima kiangazi, kwahiyo picha ya masika utaona maji na matete tu utadhani hapakuwa na shamba.

Mpimaji wa Kihesa:
Mama kasema kweli kabisa. Na skeli pia, kwenye 1:40,000 milimita moja ni mita 40, mto ukihama mita 20 ni nusu milimita, omba skani yenye rezolusheni kubwa. Omba picha mbili zinazofuatana, huwa zinapandana kama asilimia 60, ukiziweka chini ya stirioskopu, kifaa cha lenzi mbili, bonde linazama kabisa na miti inasimama, mkuyu mkubwa hautakupotea.

Mjukuu_Ipogolo:
Asanteni sana, shikamoo mama. Nimemuuliza bibi sasa hivi, anasema mto ulihama kabla barabara ya Zambia haijawekwa lami, kwahiyo naanza na zile za Waingereza.