Acheni kuua majaketi ya ngozi kwa sabuni ya unga na mafuta ya nazi!

Wakuu, hili limezidi sasa. Mtu akiuliza jaketi lake kuukuu la ngozi alisafisheje, majibu ni yaleyale: loweka, anika juani, paka mafuta ya nazi ling'ae. Viwiko vikipasuka mnamwambia ngozi ilikuwa feki. Feki ni ushauri wenu!

Ngozi iliyotengenezwa ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) 3.5 hadi 5 hivi. Sabuni ya unga na ya mche ziko 9 kwenda juu. Ukiloweka, mafuta yaliyoingizwa kiwandani katikati ya nyuzi ili ziteleze yanatoka na maji. Nyuzi zikikauka zinagandana, ndiyo maana jaketi linatoka gumu kama gamba na mikono imepanda. Jua na pasi vinamalizia kazi. Wa mashine ya kufulia hata sina la kuwaambia.

Haya, mafuta. Ya kupikia yanaacha mabaka meusi na mengi yanachacha yakanuka. Ya mgando yanakaa juu yakinasa vumbi. Rangi ya viatu itahamia kwenye shati, hasa kwenye ukosi. Na kibaya zaidi, mnapaka juu ya jasho na uchafu!

Anza na tone la maji mahali palipofichika. Likibaki juu, ngozi ina tabaka la rangi, inapanguswa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, au kama ngozi ina vinyweleo kama vya mahameli, weka maji na krimu mbali: brashi laini tu, mengine ni ya fundi wa ngozi.

Kwa ile inayopanguswa, toa kila kitu mifukoni, piga brashi kwenye mishono. Ukosi wenye mafuta unyunyizie poda ya talki au wanga wa mahindi, uache usiku kucha, kisha uupige brashi. Hii ni KABLA ya maji. Halafu nusu lita ya maji ya vuguvugu, matone mawili matatu ya shampuu ya watoto, na kitambaa cheupe cha pamba kilichokamuliwa hadi hakidondoshi. Pangusa kipande kizima mpaka kwenye mshono, kwa sababu ukiishia katikati maji yanaacha ukingo. Kitambaa kikianza kuchukua rangi ya jaketi, simama hapohapo. Rudia na kitambaa cha maji matupu kuondoa sabuni, kausha kwa taulo, tundika kwenye henga pana kivulini penye hewa, siku nzima au mbili.

Likishakauka kabisa ndipo inakuja krimu ya ngozi isiyo na rangi. Kiasi cha harage moja kwa kila mkono, na unaiweka kwenye kitambaa, si kwenye jaketi. Subiri nusu saa, futa iliyobaki. Mara mbili kwa mwaka inatosha, likinata umezidisha.

Ukungu unapigwa brashi nje ya nyumba, kisha unapangusa kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribu pembeni. Na acheni kulifunika kwa mfuko wa nailoni, unyevu unabaki humohumo. Tumieni mfuko wa kitambaa.

Mnaouza "krimu ya kuziba nyufa" nanyi mtuache. Krimu inalainisha, haiunganishi. Ufa unajazwa kwa dawa maalumu ya kujazia kisha unapakwa rangi ya ngozi, kazi ya fundi. Na jaketi linalobanduka vipande likiacha kitambaa chini si ngozi, ni poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa unaiozesha hata ikikaa kabatini bila kuvaliwa. Hilo halina dawa, msimpotezee mtu hela.

Mods, msiunganishe huu uzi na ule wa mafuta ya nazi.