Maoni juu ya hoteli za Mombasa: biriani ikiwa mbovu, nitaje jina?

Mlaji wa Mwembe Tayari

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mie ni mtu wa kazi ya ofisi. Upishi sikusomea, lakini kula napenda na kuandika napenda. Jioni na wikendi huzunguka hapa mjini nikila, kisha naweka picha na maoni kwenye ukurasa wangu. Sili cha bure. Naingia kama mteja yeyote, naagiza, nalipa, naondoka. Wanaonisoma wengi ni vijana wa hapa hapa, na siku hizi wamezidi watu wa bara wanaoshuka na treni ya SGR, wasiojua pa kuanzia ila hoteli za ufuoni.

Kusifu hakunipi tabu. Nimeandika juu ya mihogo ya kuchoma ya Mama Ngina, inayopasuliwa katikati ikapakwa pilipili na ndimu, unakula huku meli zaingia Kilindini mbele ya macho yako. Nimeandika juu ya kuku tikka na naan za Tarboush pale Makadara, na juu ya bhajia za Blue Room, barabara ya Haile Selassie. Hapo maneno huja yenyewe.

Kazi iko kwenye kulaumu. Majuzi nimekula biriani ya kuku katika hoteli moja kubwa upande wa Nyali, yenye viyoyozi na vitambaa mezani. Wali umekuja moto pembeni na baridi katikati, una rangi ya machungwa lakini hauna harufu ya iliki wala zafarani. Rojo ni nyanya ya kopo, ule ukali wake wausikia kwenye ulimi. Vitunguu vimekatwa mapande mapande vikachemka humo humo. Kuku mkavu. Na bei ni zaidi ya mara mbili ya sahani ya Kibokoni, Mji wa Kale.

Sasa upande wa pili yuko mama mmoja anauza viazi karai kule Majengo, hutoa meza yake baada ya alasiri. Kiazi amekichemsha mpaka kinakaribia kuvunjika, akakichovya kwenye unga uliokorogwa na manjano, akakitia kwenye mafuta. Ukikiuma, kigamba chalia, ndani laini. Ukwaju wake mzito, una pilipili na majani ya dania. Sijala viazi bora kuliko vile mwaka huu. Lakini meza iko kando ya mtaro, na sahani zote zaoshwa kwenye ndoo moja ya maji. Nikilisema hilo, nimegusa riziki ya mtu anayelea watoto. Nisiposema, na msomaji wangu akaumwa na tumbo, niliyempeleka ni mie.

Kwa hivyo nauliza. Ile hoteli kubwa niitaje jina? Na hawa wawili, wapimwe kwa kipimo kimoja? Marafiki zangu wote waniambia "andika tu", na hilo halinitoshi.

Bin Tudor

Taja. Mgeni akipata siku mbili Mombasa akala biriani ya namna hiyo, atarudi kwao aseme chakula cha pwani ni jina tu. Hoteli kubwa zina watu wa kuzitangaza, zaweka picha nzuri kila siku. Anayetoa pesa zake mfukoni hana wa kumtangazia. Wewe ndiye sauti yake.

Yule mama mwache.

Mpishi wa Shughuli

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Mie nimepikia arusi na hitma miaka mingi, sufuria za kugeuzwa na watu wawili, kwa hivyo niruhusu niseme kwa urefu.

Kwanza usiandike "biriani mbovu". Neno hilo halimfunzi mpishi wala msomaji. Ulivyotueleza hapa ndivyo uandike, kwa sababu umeshaiona kasoro bila kuitaja. Kitunguu cha biriani hukatwa chembamba, kikakaangwa peke yake mpaka kigeuke rangi ya hudhurungi na kukauka, kikatolewa, kikavunjwavunjwa kwa mkono ndani ya rojo. Hicho ndicho kinacholipa rojo uzito na ule utamu wa chini. Nyanya ya kopo huingia mapema pamoja na thomu na tangawizi, ikakaangwa mpaka mafuta yapande juu. Mafuta hayajapanda, nyanya haijaiva, na ukali hautoki hata ukitia maziwa ya mtindi kiasi gani. Ndipo bizari, ndipo nyama, na viazi vilivyokaangwa kando. Wali wachemshwa mbali, watiwa samli na zafarani, wafunikwa kwa moto mdogo. Hoteli iliyokupa vitunguu vya kuchemka imekwepa kazi ya kukaanga, maana kitunguu chala mafuta, chala gesi, na chataka mtu asimame hapo asiondoke. Andika hivyo: "kitunguu hakikukaangwa, nyanya haikuiva." Mpishi wao akisoma atajua umemshika wapi.

Pili, uliila siku gani, saa ngapi? Biriani ya mji huu ina wakati wake, Ijumaa baada ya swala na Jumapili adhuhuri. Hapo sufuria imeshuka sasa hivi. Ukiagiza Jumanne usiku, wapashiwa moto. Na si biriani peke yake. Mahamri ni ya asubuhi. Viazi na mishkaki ni vya jioni. Ramadhani mchana usiende Mji wa Kale kutafuta hoteli, nenda baada ya magharibi uone barabara inavyojaa kaimati na sambusa. Samaki nao wana msimu. Kusi ikivuma, mwezi wa sita, wa saba, bahari huchafuka, ngalawa hazitoki nje ya mwamba, changu huadimika na bei hupanda. Nimesoma mtu akilaumu kibanda kwa "samaki mdogo na ghali" katikati ya Julai. Angekuja kaskazi imetulia angekula mwingine kabisa. Andika mwezi, siku na saa, maoni yako yatakuwa na miguu.

Tatu ni tui, na hapa ndipo waandishi wengi wanaponiudhi. Ukila samaki wa kupaka au wali wa nazi, uliza kama nazi imekunwa au imetoka pakiti. Mchuzi ukiuona una chembechembe nyeupe na maji yamejitenga, hilo ni tui lililokatika: nazi ni ya kukamua, lakini mpishi aliacha ichemke bila kukoroga. Hiyo ni kasoro ya mkono. Mchuzi wa pakiti hutulia sawasawa kama rangi ya ukuta, na harufu ya nazi huitafuti ukaipata. Mie namheshimu zaidi aliyekatiwa na tui kuliko aliyefungua pakiti. Wewe waweza kuona vingine, lakini mueleze msomaji ni lipi kati ya hayo mawili.

Na yule mama. Ladha ipime kwa kipimo kimoja na usafi kwa kipimo kimoja. Mji huu umeshakiona kipindupindu zaidi ya mara moja, hilo si la kuonea mtu haya. Kinachobadilika ni njia ya kulisema. Hoteli ina meneja, ina simu, ina cheti cha afya ukutani. Mama ana wewe uliyesimama mbele yake. Mwambie yeye kwanza, pembeni, wateja wasisikie. Kiazi kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka hakina neno, hofu ni sahani, ukwaju na kachumbari. Ndoo ya pili ya kusuuzia na karatasi ya kufungia si gharama ya kumvunja mtu. Rudi baada ya wiki mbili tatu. Amebadilisha, muandike kwa furaha. Hakubadilisha, andika viazi ni vitamu na mtu aende na chombo chake.

Kijana wa Bondeni

Nasema kwa upande wa wenye hoteli. Baba yangu ana hoteli ndogo, meza chache tu, pilau Ijumaa, wali na maharagwe siku nyingine. Kuna mtu aliandika kwamba pilau yetu "ina vijiti na punje nyeusi" na kwamba ina harufu kali. Vijiti ni mdalasini. Punje ni pilipili manga, karafuu na iliki nzima. Harufu ni bizari ya pilau, hiyo ndiyo pilau yenyewe. Wali wake waipata rangi kwa kitunguu kilichokaangwa na supu ya nyama, hakuna rangi ya kutia. Huyo ndugu alitaka wali mweupe wenye nyama, akatuhukumu kwa alichokitaka.

Watu waliyasambaza maneno hayo. Wateja wetu wa siku zote hawakujali, lakini vijana wa ofisi waliokuwa wakija mchana walipungua, na baba alikaa na hilo moyoni muda mrefu. Hakuna aliyekuja kumuuliza.

Sisemi usilaumu. Nasema ukijue chakula kwanza. Kama ni mara yako ya kwanza kukila, sema ni mara ya kwanza.

Mwanasheria wa Kizingo

Kwa ufupi. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, lakini madai ya fidia bado yapo chini ya Sheria ya Kashfa, Sura ya 36.  Kwa hivyo ulichokila na ulichokiona kwa macho yako, kiseme. Usichokiona, kwa mfano "jikoni kwao ni kuchafu" na jikoni hukuingia, kiache. Risiti iweke, na picha iwe na tarehe. "Wali wangu ulikuwa baridi" ni jambo ulilolipata mwenyewe mezani. "Hawa ni wezi" ni shutuma, na utatakiwa kuithibitisha.

Mlaji wa Mwembe Tayari

Ahsanteni sana. Mama, Mwenyezi Mungu akuweke. Hilo la mafuta kupanda juu na hilo la tui ningelisoma wapi? Nimelinakili kama ulivyolisema, na nikiliandika nitasema nimelipata kwa mpishi wa shughuli.

Lakini kwenye wakati, mama, niruhusu nibishane nawe kidogo kwa heshima zako. Kwa kibanda nakubali, anapika kidogo, kikiisha kimeisha. Hoteli iliyoiweka biriani kwenye menyu siku saba na kutoza bei ile ile siku saba, ipimwe siku yoyote mteja atakayoingia. Mtu wa Nakuru hajui habari za Ijumaa. Ameona jina, amelipa, ana haki ya kitunguu kilichokaangwa hata Jumanne usiku. Kama hawawezi kila siku, waandike "Ijumaa na Jumapili" kama wanavyofanya wengi Mji wa Kale, na watu watakuja siku hiyo.

Nitakalofanya ni hili. Hoteli nitaitaja, na siku na saa nitaiweka, na kasoro nitaziandika moja moja kama nilivyozikuta mezani, pasi na neno "mbovu". Kabla ya hapo nitawaandikia wenyewe, wakijibu nitaliweka jibu lao lote. Wa viazi nitakwenda kuzungumza naye mwenyewe.

Ndugu wa Bondeni, pole. Kama baba ataridhia, niambie kwa faragha hoteli iko wapi. Nitakuja Ijumaa kula, na nitalipa.

Mpishi wa Shughuli

La siku saba umenishinda kwa upande wa bei. Kwa upande wa jiko bado nasimama pale pale: sahani tatu za biriani Jumanne usiku hazipikiki vizuri, sufuria ndogo haina subira. Afadhali wakupe kuku wa kupaka.

Msafiri wa Nakuru

Samahani kuingilia, nimeona mtu wa Nakuru ametajwa. Nakuja na mke wangu na watoto wawili, Jumamosi asubuhi tutakuwa mjini. Watoto wanataka mahamri na mbaazi. Twende wapi, na nitayajuaje mazuri?

Mlaji wa Mwembe Tayari

Karibuni sana. Anzieni Fort Jesus, mwingie Mji wa Kale kwa miguu kuelekea Kibokoni. Msitafute kibao, tafuteni karai mlangoni na watu wamesimama na mifuko yao. Fikeni kabla ya saa tatu.

Hamri zuri limevimba, ukilipasua ndani ni tupu, na harufu ya iliki yatoka na mvuke. Lishike kwa karatasi: karatasi ikilowa mafuta, karai halikuwa na moto wa kutosha, nenda mlango wa pili. Mbaazi ziwe zima zima lakini zavunjika kwa ulimi, na tui zito juu, lisiwe maji. Watoto wasipotaka pilipili semeni mapema, wengine huipika humo humo. Mkeo akitaka kupiga picha aombe kwanza, wengi wa hao ni kina mama walio milangoni pa nyumba zao.

Mkichelewa mkafika saa nne, yaliyobaki huwa yamepoa na kukakamaa. Hapo msile. Nendeni Marikiti mkanunue achari ya embe na mabuyu ya watoto, na mvumilie mpaka adhuhuri.