Msiba mkubwa mtaani: viongozi waje lini, na waje vipi?

MwanaKibokoni
Assalaam alaykum. Kamati yetu ya mtaa hapa Mombasa inaandika mwongozo mfupi wa misiba ya watu wengi kwa mpigo: nyumba kuporomoka, moto, ajali ya barabarani au baharini. Tumekwama kwa viongozi. Wengine wasema asiyekuja amewadharau wafiwa. Wengine wasema msafara huwaongezea wafiwa mzigo. Naomba majibu ya kutekelezeka: siku gani, watu wangapi, magari yakae wapi, kiongozi afanye nini akifika.

Ami wa Kikowani
Waalaykum salaam. Aje, lakini si kabla ya maziko.

Kwetu maiti hangojeshwi. Aliyekufa alfajiri, Alasiri ikifika huwa ashazikwa, na saa hizo chache zimejaa kazi. Maiti aoshwe mara tatu au zaidi kwa witiri (tatu, tano, saba), maji yenye mkunazi kwanza, ya mwisho yatiwe kafuri. Sanda ya mwanamume nguo 3, ya mwanamke 5. Kisha swala, takbira 4, na makaburini. Sasa fikiria maiti saba siku moja: waosha wa kiume na wa kike watafutwe, vitanda, maji, wachimbaji. Gari moja kubwa likisimama kwenye njia za Mji wa Kale, la nyuma yake halipiti, hata likiwa limebeba jeneza. Tena walinzi hutangulia mkubwa wao. Wanakagua baraza, wanawainua wazee kwenye mikeka ili viti vipangwe. Mzee aliyeinuliwa mkekani siku ya kumzika mwanawe halisahau hilo.

Aje siku ya pili au ya tatu, baina ya Alasiri na Magharibi. Magari yabaki Makadara, nje ya njia hizo nyembamba, aingie kwa miguu na watu wasiozidi watano. Akae mkekani, isomwe Fatiha, atoe mkono wa taazia, baada ya nusu saa aage. Kipaza sauti kisiwepo. Akiwa na chochote cha kusaidia, ampe mwenye daftari la matanga, kiandikwe kama mchango wa jirani yeyote, kisitangazwe.

BintiMajengo
Ami umeeleza ya barazani, ya ndani umeyaacha. Aliyefiwa na mumewe ana eda, kukaa ndani kwa maombolezo, ya miezi 4 na siku 10. Kiongozi mwanamume asipelekwe ndani kwake akapigwe picha anampa pole. Hilo hufanyika na hakuna anayemuuliza mjane kama ameridhia. Apeleke kiongozi wa kike, waingie wawili tu, bila kamera, simu zibaki nje. Na aingie kwa aliyekaa eda, si kwa yule anayejua kuzungumza mbele ya watu. Kamati iteue mama mmoja wa kumpokea mlangoni na kumwonyesha ni nani amefiwa na nani. Bila hivyo shangazi mtu hupewa pole ya mjane, na mjane mwenyewe yuko jikoni.

Karani_Likoni
Ami, kwa heshima nakukhalifu hapo kwenye "si kabla ya maziko". Inategemea maiti yuko wapi.

Gari lilipoteleza kutoka kwenye feri hapa Likoni tarehe 29 Septemba 2019, lilikaa chini ya maji karibu wiki mbili kabla ya kutolewa. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa. Misiba kama hiyo haina matanga ya kungojea siku ya tatu. Mwenye mamlaka afike siku ya kwanza na ataje mambo mawili: nani anaongoza utafutaji, na familia zitaelezwa saa ngapi kila siku. Kisha saa hizo zitimizwe hata kama hakuna jipya. Taarifa isipotoka, uvumi hujaza nafasi, na jamaa hukimbizwa kutoka ufuoni hadi mochari na kurudi. Ila asisimamishe feri kungojea msafara wake, maana jamaa wenyewe wamo kwenye foleni hiyo.

Pia tusisahau majirani Wakristo. Maiti aweza kukaa mochari wiki nzima au zaidi, na kamati ya mazishi hukutana kila jioni kuhesabu michango. Hapo kiongozi anafaa kabla ya maziko, kwa sababu bili ya mochari huongezeka kila siku. Siku ya kanisani, ibada iachiwe mchungaji.

Kubwa zaidi: aje na karani. Kifo cha ajali huhitaji uchunguzi wa daktari, na ikiwa ni mwisho wa wiki maiti anaweza kukaa hadi Jumatatu. Simu ya mkubwa ya kumpata daktari Jumamosi ina faida kuliko yeye kuja. Kisha kibali cha kuzika, kisha cheti cha kifo. Bila cheti, benki haifungui mkono, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hailipi, mirathi kwa Kadhi haianzi. Herufi moja ya jina ikitofautiana na kitambulisho, familia inarudishwa. Karani akae mtaani siku mbili, alinganishe majina moja moja.

MwalimuTononoka
Mifano miwili ya mbali. Aberfan, Wales, Oktoba 1966: lundo la taka za makaa ya mawe lilifunika shule, watu 144 wakafa, 116 kati yao watoto. Malkia Elizabeth alifika siku 8 baadaye, akalaumiwa kwa kuchelewa. Christchurch, New Zealand, Machi 2019: Waislamu 51 waliuawa misikitini. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alifika kesho yake amejitanda mtandio, na siku hiyohiyo akaeleza jinsi serikali itakavyosaidia gharama za maziko. Maziko ya kwanza yalikuwa bado siku kadhaa, kwa sababu maiti walikuwa wakitambuliwa. Naona hilo linaunga mkono neno la Karani.

MwanaKibokoni
Shukran nyote. Moja limebaki: walinzi wakikataa mkubwa atembee kutoka Makadara?

Ami wa Kikowani
Karani, nimekubali kwa wasiopatikana. Bwana Kibokoni, wakikataa basi wajumbe wawili wa familia wamfuate ofisini baada ya siku tatu, na karani aje mtaani vilevile. Nambari ya mjumbe mmoja wa kamati ipelekwe kwa ofisi yake mapema, siku ya msiba yenyewe, kabla watu wake hawajaanza kupigia wafiwa simu.