Usonji na kelele za nyumbani: wa Mbeya, Iringa na Njombe tupeane uzoefu

Wakuu, uzi huu ni wa watu wenye usonji ambao sauti inawaumiza, na wanaoishi nao. Wekeni vitu vinavyofanya kazi kwenye nyumba zetu hizi za bati: vifaa, vipimo, na panapokwama. Ya "atazoea tu" tuyaache kabisa. Sikio likipimwa laweza kuonekana zima, na bado mlio wa sufuria ukamuumiza mtu kweli, kwa sababu shida iko kwenye namna ubongo unavyoipokea sauti.

FUNDI DARI, MAFINGA
Kabla hujanunua chochote, tafuta sauti inapopita. Nyumba nyingi za kupanga, ukuta wa kati unaishia usawa wa dari, haufiki kwenye bati. Redio ya chumba cha pili inapanda, inavuka juu ya dari, inashuka kwako. Hapo ubandike nini ukutani, ni kazi bure. Ingia darini na tochi uhakikishe. Dawa ni kumalizia ukuta kwa tofali mpaka kwenye bati na kukandika mianya ya kwenye mbao.

Mwenye nyumba akigoma, ongeza tabaka la pili la jipsamu ya milimita 12 chini ya ile ya zamani. Viungo vya tabaka mbili visikutane, pembeni zote uzibe kwa silikoni. Mwanya mwembamba tu unatosha kurudisha kelele. Kagua mbao za dari kwanza, maana kila mita ya mraba inaongeza kilo nane hadi kumi. Dari hiyo hiyo inasaidia na kwa mvua ya bati.

Trei za mayai achaneni nazo. Zinapunguza mwangwi kidogo humo ndani, sauti ya nje inapita kama kawaida, na zinashika moto upesi. Maranda ya mbao juu ya dari yenye nyaya za umeme ni hatari hiyo hiyo, hata kama huku kwetu yanapatikana kwa wingi.

MUUGUZI, IRINGA
Naomba hili lisomwe na kila mtu. Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi. Chumba kilichozibwa kwa ajili ya kelele, ukiweka mkaa humo, kinajaa kaboni monoksaidi. Haina harufu, mtu analala haamki. Ziba upande wa kelele, acha hewa ipite upande mwingine, na jiko lisiingie chumba cha kulala hata yakibaki makaa mekundu tu.

Vizibo vya sponji: viringisha kiwe chembamba, mkono wa pili uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia sekunde 30 kitanuke. Kikibaki nje karibu chote, hakizuii kitu.

Hedifoni za kufuta kelele zinaweza kupunguza mngurumo usiobadilika, kama jenereta au malori ya barabara ya TANZAM. Kijiko kwenye sahani na kilio cha mtoto vinapenya. Kwa hizo tafuta vifunika masikio vya mafundi. Usivae kutwa nzima, masikio yanazidi kuwa mepesi kuumizwa na sauti. Vaa kelele ikikaribia, vua ikiisha.

MAMA WA UYOLE
Jikoni: kipande cha blanketi kati ya sufuria na sufuria, mpira wa tyubu chini ya miguu ya viti na friji, blenda juu ya taulo iliyokunjwa. Toa taarifa kabla ya kuiwasha. Mtu akishajua sauti inakuja, makali yanapungua. Wageni watume ujumbe badala ya kugonga geti la bati.

MDAU, FOREST MBEYA
Kwa jirani nenda mchana, muziki ukiwa umezimwa, na uombe kitu mahususi: spika isiegemee ukuta wa pamoja, besi ipunguzwe, maana besi ndiyo inayopita ukutani. Ikishindikana, mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa. Baa na kumbi zinabanwa na kanuni za kelele na mitetemo za 2015, na malalamiko yanapokelewa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Nenda na daftari lenye tarehe, saa ilipoanza na saa ilipoisha.